Profesa Zebaki na Taa za Usenge

"Profesa Zebaki nimemtoa hapa," Gordon Ooko alisema, akijigonga paji la uso kwa kalamu. "Hapa peke yake. Hana baba, hana mama, hana kitambulisho. Mtu wa kusema amewahi kumwona barabarani bado hajazaliwa."

Aliyekuwa akiambiwa hayo ni binamu yake Debra, mwenye kibanda cha fotokopi pale Migosi, Kisumu. Debra hakuinua kichwa. Alikuwa anachapisha sehemu ya nne ya katuni ya Gordon, na alikuwa amezoea. Gordon alikuwa kijana wa kujisifu kabla hajanawa uso. Miaka ishirini na mmoja, cheti cha kidato cha nne kimelala kwenye nailoni chini ya godoro, na mdomo ambao mama yake alisema ungeweza kumuuzia samaki maji na samaki akaomba nyongeza.

"Hata sikio?" Debra akauliza.

"Sikio lipi?"

"Hili la kushoto, limekunjika kama chapati ya jana. Mtu haoti sikio kama hili, Gordon. Sikio kama hili unaliona kwa mtu."

"Wewe chapisha. Akili ya msanii iache ilivyo."

Na kusema kweli, katuni ilikuwa kali. Ilikuwa na shujaa, ndiyo, Kapteni Ngege, mwenye joho la magamba ya samaki na ngumi za radi, lakini hakuna msomaji aliyewahi kuuliza habari za Kapteni Ngege. Watu walimfuata adui. Profesa Zebaki, mvumbuzi mwenye akili za kutisha, aliyejifungia kwenye kibanda kando ya ziwa akiunda mashine. Katika sehemu ya kwanza alijitokeza kama mfadhili. Aliwagawia wavuvi wa omena, wale dagaa wa ziwa, taa mpya, akasimama juu ya jiwe na kutangaza: "Taa zangu zinaushinda mwezi!" Sehemu ya pili, watu walimbeba mabegani. Sehemu ya tatu ndipo alipovua ngozi ya kondoo. Alipiga mluzi, taa zote zikapaa angani, zikashikana, zikawa mwezi wa pili usiotua kamwe.

Mtu wa bara anaweza kuuliza, mwezi una ubaya gani? Mtoto wa ziwa haulizi. Omena huvuliwa gizani. Taa huwashwa juu ya maji, omena huikimbilia, wavu hufungwa chini yao. Mwezi ukiwa mpevu ziwa lote ni jeupe, omena hawaoni sababu ya kukusanyika, na wavuvi hubaki nyumbani wakishona nyavu na kugombana na wake zao. Mwezi usiotua ni njaa isiyokwisha. Gordon alipolipata wazo hilo alicheka peke yake mpaka jirani akagonga ukuta.

Kila sehemu ilizunguka kwa nakala za Debra na kwenye vikundi vya simu kutoka Kisumu hadi Bondo. Chini ya ukurasa kulikuwa na jina moja tu la kujificha, Jicho la Mbuta, yule sangara wa ziwa. Aliyejua Jicho la Mbuta ni nani alikuwa Debra, na Debra alikuwa kaburi.

Simu ya Gordon ikalia. Alikuwa shangazi yake wa Usenge, kule ziwani.

"Gordon, nyathina, mwanangu, uko wapi?"

"Niko kazini, Anti Beldina."

"Kazi gani? Wacha hiyo. Kesho asubuhi uwe hapa. Watu wa bichi, wavuvi wote hapa, wanataka kumfukuza Mwalimu Wechuli."

Gordon akakaa. Hapakuwa na kiti, akakalia karatasi za Debra.

"Amefanya nini?"

"Hakufanya kitu! Kuna katuni imekuja kwa simu. Wanasema ni yeye. Wanasema taa zake zimefukuza omena. Sijui ni shetani gani aliichora, Mungu amsamehe, mimi sitamsamehe. Wewe ulikuwa mwanafunzi wake na una mdomo. Njoo uwaambie watu katuni ni mchezo."

Simu ikakatika. Debra sasa alikuwa ameinua kichwa.

"Sikio," alisema.

"Nyamaza, Debra."

Majisifu yale yalikuwa hayajamaliza hata robo saa duniani. Ukweli wenyewe ulikuwa hivi. Mwalimu Wechuli alikuwa fundi wa maabara katika shule ya sekondari aliyosoma Gordon, upande wa Maseno. Wanafunzi walimwita Mwalimu, ingawa kazi yake ilikuwa kufungua kabati za tindikali na kuwafokea waliochezea betri. Alipostaafu hakurudi kwao Bungoma. Alikwenda Usenge, akapanga chumba kwa Anti Beldina, akaanza kuunda taa za sola za kuelea majini, kwa sababu, alisema, moshi wa karabai unapofusha wavuvi na serikali haina haraka. Mwezi wa nane Gordon alikaa kwa shangazi yake wiki mbili. Alimkuta mzee na koti lake la maabara lililogeuka rangi ya uji, miwani iliyofungwa kwa uzi wa nyavu, sikio lile. Alichora kila kitu. Mzee akamfungulia hata taa yenyewe amwonyeshe ndani.

Gordon hakuwa amevumbua chochote. Kitu pekee alichoongeza ni ubaya.

*

Siku ya pili alifika Usenge jua likiwa bado halijakasirika. Kitu cha kwanza kumpiga kilikuwa harufu, au tuseme kukosekana kwake. Nyavu za kuanikia zilikuwa zimetandazwa mchangani safu kwa safu, na juu yake hakuna omena hata wa dawa. Yangeyange walitembea juu ya nyavu tupu, wakigeuza vichwa kama wateja waliofika duka limefungwa. Wanawake waliozoea kugeuza samaki kwa mikono miwili wakipiga soga walikuwa wamekaa chini, kimya.

Anti Beldina alimpokea njiani, leso imefungwa kiunoni tayari kwa vita.

"Sikiliza nikueleze kabla hujaingia," alisema. "Ile katuni ya kwanza ilipokuja, watu hapa hawakujua ni katuni."

"Walidhani ni nini?"

"Tangazo! Wameona uso wa Mwalimu, wameona taa ya Mwalimu, na mdomoni kumeandikwa 'Taa zangu zinaushinda mwezi.' Wewe ungedhani nini? Mwezi ukawa mpevu. Bichi zingine zote zimelala. Hawa wetu wakasema, sisi tuna taa ya kushinda mwezi, tutavua peke yetu ziwa zima. Mashua zote zikatoka."

Gordon akasimama njiani. "Mwalimu hakuwaambia?"

"Aliingia majini mpaka magotini akipiga kelele warudi. Wakamwambia, 'Mwalimu, wacha kujishusha, tumekusoma.' Siku ya kwanza wakarudi na magugu. Ya pili magugu. Ya tatu hata magugu yaliwakataa. Watoto wakalala na maji ya chumvi. Halafu hiyo sehemu ya tatu ikaingia kwa simu, ati huyo mtu wa taa ni adui, alitaka wafe njaa." Alipumua. "Mwenyekiti Robinson amesema saa sita mchana taa zote zinatupwa majini na Mwalimu anapanda gari. Miaka yake minne ya kazi, Gordon. Na wanasema huyo aliyechora alikuwa anatuonya. Wanamwita nabii."

Kwa sekunde moja, na Mungu alimwona, Gordon alifurahia neno nabii. Kisha akaona watu waliokuwa wakikusanyika mbele ya ofisi ya bichi, manahodha na makasia mikononi, macho mekundu ya njaa, na furaha ikamtoka kama upepo kwenye tairi.

Mwalimu Wechuli alikuwa ndani ya ofisi, kwenye kiti cha plastiki. Kando yake taa thelathini na mbili zimefungwa ndani ya wavu mmoja, kama samaki. Hawakuwa wamemfunga yeye. Walimwambia tu asitoke.

"Ooko," mzee akasema. "Kaa. Umekuwa mrefu bila sababu."

"Pole sana, Mwalimu."

"Pole haina kazi. Nisaidie kufikiri." Akamwonyesha ukurasa uliochapishwa, umekunjwa mara nyingi mpaka umelegea. Gordon aliutambua wino wa Debra. "Tazama hapa. Huyu mchoraji si mjinga. Amechora waya nyekundu inaingia chini ya kioo, si juu. Hiyo ni siri yangu, ndiyo inazuia maji yasiingie. Watu walioona ndani ya taa yangu ni wachache sana."

"Labda ni sadfa, Mwalimu."

"Sadfa haifungi miwani kwa uzi wa nyavu." Mzee akavua miwani yenyewe, akaisugua kwa koti. Bila miwani macho yake yalikuwa madogo na ya kitoto, na Gordon akatazama sakafu. "Usiku wote najiuliza. Ni nani nilimkosea hivi? Nimehesabu watu. Nilimfukuza kijana mmoja maabara mwaka ule wa mlipuko. Nilikosana na mwenye duka la karabai. Lakini kuchora hivi inataka mtu akae na mimi, anitazame, anijue. Mtu anayekujua hivyo atakuchukia kwa nini, Ooko?"

Neno lilifika hadi kwenye meno ya Gordon. Mwalimu, ni mimi. Maneno matatu, yasiyozidi uzito wa omena watatu. Nje mtu akapiga kasia chini, tap, na neno likarudi lilikotoka.

"Mimi nitawaongelesha," alisema badala yake. "Niachie."

"Ndiyo," mzee akasema. "Wewe ulikuwa na mdomo hata wakati huna jibu."

*

Robinson, mwenyekiti wa bichi, alikuwa mtu mnene mwenye sauti nyembamba, na hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililomtisha Gordon. Mtu mbaya unaweza kumchekesha.

"Mwalimu," Robinson alianza, watu wote wakiwa wamesimama kwa duara, "wewe ulitoka Bungoma tukakupokea."

"Mlinipokea vizuri."

"Ukatupa hizi taa."

"Niliwapa. Na nikawaambia, mwezi mpevu msitoke."

"Ulisema hivyo huku karatasi inasema zinaushinda mwezi?"

"Karatasi si yangu!"

"Uso ni wako!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma, na duara likasogea hatua moja ndani, wote pamoja, bila mtu kuamua.

Anti Beldina akamsukuma Gordon mgongoni. Akajikuta katikati.

"Wazee, mama zangu, hamjambo," alisema. Sauti yake ilianza juu mno, akaishusha. "Mimi ni Gordon, wa nyumba ya Anti Beldina. Nimetoka Kisumu kwa sababu ya hii katuni. Huyo mchoraji mimi namjua."

Mwalimu Wechuli aliinua kichwa polepole.

"Unamjua?" Robinson akauliza.

"Namjua sana." Na hapo mdomo wake, ule wa kumuuzia samaki maji, ukamchukua na kwenda naye. "Anakaa Nakuru. Hajawahi kuona ziwa letu. Huyo mtu anadhani omena hupandwa, hupaliliwa, halafu huvunwa kwa magunia."

Mtu mmoja akacheka. Kisha wawili.

"Na sikio je?" nahodha mmoja akauliza. "Hilo sikio alilitoa wapi?"

"Baba, kwani Nakuru hakuna masikio?"

Wakacheka kweli sasa, hata waliokuwa na makasia. Lakini Robinson hakucheka.

"Basi aseme mwenyewe," alisema. "Mimi siwezi kuhukumu kwa maneno ya jirani. Mchoraji aseme kwa mdomo wake kwamba Mwalimu hakumtuma na hizi taa hazina ubaya. Akisema, tunazifungua sasa hivi. Asiposema, saa sita ni saa sita."

"Yuko mbali, Mwenyekiti."

"Si una simu?"

Gordon aliitoa simu. Vidole vyake vilikuwa na jasho, kioo kikakataa kumtambua mara mbili. Alimpigia Debra, akaweka sauti ya nje, akaomba kila mtakatifu aliyemkumbuka.

"Halo?" Debra akajibu. Nyuma yake mashine ya fotokopi ilikuwa inanguruma.

"Msanii!" Gordon akapaza sauti kabla Debra hajasema lingine. "Habari ya Nakuru?"

Mashine ikanguruma. Ikanguruma tena. Gordon alihesabu mpaka nne.

"Nakuru?" Debra akasema. "Nakuru ni kuzuri. Baridi tu."

"Niko hapa Usenge na wazee. Mwenyekiti anataka kukuuliza."

"Wewe ndiye ulichora huyu mtu wa taa?" Robinson aliinamia simu kana kwamba Debra amekaa ndani.

"Ndiyo, Mzee."

"Unamjua Mwalimu Wechuli?"

"Haki ya Mungu, sijawahi kumwona." Hilo lilikuwa kweli, na lilisikika kama kweli.

"Alikutuma?"

"Hakuna mtu alinituma. Nilitoa kichwani."

"Taa zake ni mbaya?"

"Taa ni taa, Mzee. Mimi nachekesha watu."

"Na omena unaijua?"

"Mimi," Debra akasema, "huwa nakula nyama."

Duara likavunjika kwa kicheko. Robinson mwenyewe alifuta jicho. Akageuka na kupunga mkono. "Fungueni taa za watu. Na mwezi ujao anayetoka mwezi mpevu nitamtoza mimi mwenyewe."

Vijana wawili wakaanza kulegeza fundo la wavu. Anti Beldina alimshukuru Yesu kwa Kijaluo. Gordon alizima simu, akashusha pumzi iliyokuwa kifuani tangu jana Migosi. Na kwa kuwa alikuwa Gordon, kabla pumzi haijaisha alishafikiria sehemu ya tano, yenye mwenyekiti mnene wa sauti nyembamba.

"Mwenyekiti, ngoja kidogo."

Aliyesema alikuwa Mama Emmaculate, mwenye kibanda cha chai na safu ndefu kuliko zote za nyavu za kuanikia. Alikuwa amesimama na mikono imefungwa kifuani tangu mwanzo, na Gordon sasa alikumbuka kwamba katika vicheko vyote vile, uso huo haukusogea.

"Huyu kijana mimi namjua," alisema. "Mwezi wa nane alikaa kwa benchi yangu siku nne. Chai mkono mmoja, daftari mapajani, macho kwa Mwalimu. Nikamwuliza unaandika nini. Akaniambia anasomea upimaji, ati anapima bichi."

Vijana wa fundo wakasimama, mikono bado kwenye wavu.

"Mama, umenifananisha," Gordon akasema upesi. "Vijana wa Kisumu tunafanana. Mimi hata kuchora sijui."

"Hujui?"

"Hata kuku sijui kuchora, Mama."

"Basi nimekosea." Emmaculate akamwendea Robinson, akachomoa kalamu mfukoni mwake bila kuomba, akafungua daftari la mikutano ukurasa mweupe. Akamwekea Gordon mikononi. "Nichore mimi. Hapa nilivyosimama. Chora kama mtu asiyejua, na mimi nitakuomba msamaha mbele ya bichi nzima."

"Mama, kweli..."

"Chora, mwanangu. Ni kidogo tu."

Hakuna aliyecheka. Gordon akaweka kalamu kwenye karatasi. Kazi ilikuwa rahisi kuliko zote duniani: duara kama kiazi, mistari miwili ya miguu, basi, nyumbani. Akaanza duara. Lakini yule mama alikuwa amefunga kilemba upande, fundo limeangukia juu ya jicho la kulia, na taya lake lilikuwa na kona ambayo mtu hakutani nayo kila siku. Duara likapata kona. Haribu, Gordon akauambia mkono wake. Weka pua kubwa. Mkono ukaweka pua, na pua ilikuwa ile ile. Jasho likadondoka kwenye karatasi, akalifuta kwa kidole, na alama ya kidole ikawa kivuli chini ya shavu, mahali pake hasa. Chora vibaya, mjinga wewe, mara moja tu katika maisha yako. Lakini hakuwahi kujifunza kuchora vibaya mbele ya watu. Alikuwa na majivuno, na majivuno yalikuwa yameshika kalamu.

Alihisi mtu nyuma ya bega lake. Hakugeuka. Alimjua kwa harufu ya risasi ya kulehemu kwenye koti. Pumzi ya mzee ilikuja, ikaenda, kisha ikakaa bila kutoka.

"Ooko," Mwalimu Wechuli alisema, chini sana.

Emmaculate alilichukua daftari. Alijitazama kwa muda mrefu kuliko mtu anavyohitaji kujitambua. Kisha akaliinua juu ya kichwa chake, akaligeuza huku na huku, manahodha waone, wanawake waone, Anti Beldina aone.

"Mwenyekiti," alisema, "Nakuru yenu hii hapa. Ulitaka mchoraji aseme kwa mdomo wake. Saa sita bado. Aseme."